Kutafuta Chumba Ulaya Ukiwa Mtwara: Mwongozo Kamili wa Kumtambua Tapeli Kabla Hujatuma Hela

Mwongozo huu umetokana na picha moja. Binti aliyepata udahili Ujerumani alikaa mbele yangu hapa Chikongola akanifungulia simu: funguo mbili zenye kibandiko cha njano, zimelazwa juu ya bahasha ya kampuni ya kusafirisha vifurushi, na kwenye bahasha jina lake limeandikwa kwa mkono, herufi kubwa. "Mwenye nyumba ameshazituma," akaniambia. Baba yake, mkulima wa korosho Tandahimba, alikuwa ameshatoa euro 900. Bahasha haikufika. Tulipoitafuta ile anwani kwenye ramani, pale palikuwa na duka la viatu.

Wapo waliomtangulia na wapo waliomfuata, na wote wameangukia shimo lilelile: hela imetoka kabla mtu yeyote wanayemfahamu hajasimama ndani ya kile chumba. Chumba cha Shangani usingekilipia bila kwenda mwenyewe au kumtuma ndugu. Hatua zote hapa chini ni namna ya kufanya hivyohivyo kwa chumba kilichoko nchi ya mbali. Mifano yangu ni ya Ujerumani, Uingereza na Uholanzi.

## Vitu vya kuandaa kabla hujafungua tangazo hata moja

- Barua ya udahili, na anwani ya baruapepe ya chuo kama umeshapewa.
- Bando linalotosha simu ya video ya nusu saa, na mahali ambapo mtandao haukatiki.
- Daftari. Andika jina la mwenye nyumba, namba, anwani, kodi, amana (hela ya dhamana anayoshika mwenye nyumba hadi utakapohama) na tarehe mliyoongea. Tapeli anaongea na watu wengi kwa wakati mmoja, hivyo maelezo yake hugongana. Daftari ndilo litakalomkamata.
- Nakala ya pasipoti iliyowekewa maandishi ya kinga (nimeeleza hatua ya 7).
- Jina la mtu mmoja aliyeko kwenye mji unaokwenda.
- Hela ya malazi ya wiki mbili za mwanzo, iliyotengwa kando na isiyoguswa.

Anza siku ileile barua ya udahili inapofika. Masomo ya huko huanza Septemba au Oktoba, wakati minada ya korosho kwetu ndiyo kwanza inafunguliwa Oktoba. Maana yake amana hulipwa kwa hela iliyobaki msimu uliopita, au ya kukopa. Na hela ya kukopa ina haraka: mtu anataka ifanye kazi kabla haijaliwa. Haraka hiyo ndiyo tapeli anayoisubiri.

## Hatua ya 1: Bisha hodi chuoni kwanza

Makazi ya chuo ndiyo yenye hatari ndogo kuliko yote. Ujerumani mabweni mengi ya wanafunzi yako chini ya taasisi iitwayo Studierendenwerk ya mji husika, na maombi unayapeleka kwenye tovuti yao. Foleni ni ndefu, ndiyo maana nasema siku ileile. Uingereza vyuo vingi hutenga vyumba kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoomba kabla ya tarehe ya mwisho.

Fungua tovuti ya chuo kwa kuandika anwani mwenyewe, usibonyeze linki uliyotumiwa WhatsApp. Kwa Uingereza, anwani za vyuo huishia na .ac.uk, na mtu binafsi hapewi mwisho huo. Soma herufi za mwisho kabisa: "ac-uk.com" ni kitu kingine.

Umefaulu kama: una jibu kutoka kwenye anwani ya chuo linalotaja namba yako ya maombi, hata kama jibu ni "upo kwenye foleni".

Ukikosa bweni, ushauri wangu ni huu, na nausimamia hata wazazi wanaponiambia ni ghali: lipia hosteli au chumba cha muda cha wiki mbili, kisha tafuta chumba ukiwa hukohuko, kwa miguu yako. Wiki mbili za hosteli unaweza kuzimudu. Amana ya miezi mitatu iliyoliwa humalizia safari yako nyumbani. Hatua zinazofuata ni za yule ambaye lazima apate chumba akiwa bado Mtwara au Lindi.

## Hatua ya 2: Ijue bei ya mji

Kabla hujampenda mtu, soma matangazo ishirini ya mji mmoja na uandike kodi zake. Usiyajibu. Kazi yako hapa ni macho tu.

München, Ujerumani, kwa mfano, chumba kimoja tu ndani ya nyumba ya kushirikiana kwa kawaida hupita euro 600 kwa mwezi. Sasa likitokea tangazo la nyumba nzima, yenye samani na roshani, karibu na chuo, kwa euro 400 pamoja na umeme na maji, usiseme Mungu amekuona. Bei hiyo imewekwa ili wewe wa mbali uandike haraka kuliko wenyeji, ambao wanajua haiwezekani.

## Hatua ya 3: Ichunguze picha mpaka ukutani

Kwanza, hakikisha picha haijaibwa. Kwenye simu, bonyeza picha bila kuachia hadi menyu itokee, kisha chagua kutafuta kwa Google Lens. Picha ileile ikitokea kwenye tangazo la mji mwingine, au kwenye ukurasa wa hoteli, umemaliza. Usimwambie tapeli ulichogundua, mzuie tu.

Pili, angalia soketi. Hili watu hawalijui na lina msaada mkubwa. Uingereza wanatumia soketi ya matundu matatu bapa, kama hii yetu ya ukutani. Ujerumani na Uholanzi ni matundu mawili ya duara ndani ya kibonyeo. Marekani ni mistari miwili midogo iliyosimama. Nimewahi kuonyeshwa "chumba cha Manchester" ambacho soketi yake nyuma ya kitanda ilikuwa ya duara. Picha hiyo haikupigwa Uingereza.

Tatu, ipeleke anwani kwenye Google Maps na utazame mtaa kwa picha za barabarani. Hesabu ghorofa: tangazo likisema ghorofa ya tano na jengo lina tatu, funga. Ujerumani baadhi ya nyumba zimefunikwa ukungu kwenye picha hizo kwa ombi la wenyewe, kwa hiyo ukungu peke yake usikutishe. Tazama majirani, kona na duka la chini.

Anayekataa kutoa namba ya nyumba "hadi ulipe" hana nyumba.

## Hatua ya 4: Muongeleshe, na usikilize kisa chake

Kila Mtanzania mwenye simu ameshapata ujumbe huu: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie kwenye namba hii." Tunaufuta bila kufikiri mara mbili. Lakini ujumbe huohuo ukija kwa Kiingereza kilichonyooka, una salamu za heshima na picha ya familia, tunauamini. Ni ujumbe uleule.

Kisa chake hakibadiliki sana. Nyumba aliinunua kwa ajili ya binti yake aliyekuwa akisoma hapo. Sasa yeye yuko nchi nyingine kikazi, ni injinia au daktari, hawezi kuja kukuonyesha. Hatafuti faida, anatafuta mpangaji mwaminifu wa kuitunza nyumba. Funguo atazituma kwa kifurushi ukishalipa. Kuna watu wengine wawili wanasubiri, ila wewe amekupenda.

Angalia pia namba yake. Namba za Uingereza zinazoanza na +44 70 si laini za simu za mkononi za kawaida. Ni namba za kuelekezea simu kwingine, na matapeli wanazipenda kwa sababu mwenye nayo anaweza kuwa nchi yoyote.

Kisha omba simu ya video, moja kwa moja, si video aliyokwisha kurekodi. Mwongoze wewe:

1. Aanzie nje barabarani, namba ya nyumba ionekane.
2. Aingie bila kukata, apande ngazi, afungue mlango kwa ufunguo.
3. Afungue bomba la jikoni, afungue dirisha, ageuze kamera nje.
4. Aandike jina lako na tarehe ya leo kwenye karatasi na kuishika dirishani.

Saa nazo zitakusaidia. Majira yao ya joto Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja, ya baridi kwa saa mbili. Uingereza ni saa mbili na tatu. Ukipiga saa kumi jioni ya Mtwara mwezi Julai, Ujerumani ni saa tisa alasiri na jua linawaka. Dirisha likionyesha giza, yuko kwingine.

Najua ugumu uliopo. Sisi tumelelewa kutomhoji mtu mzima, na kumwambia mzee wa watu "fungua bomba" kunaonekana utovu wa adabu. Mwenye nyumba wa kweli amezoea. Wengi wao watakuhoji wewe zaidi: unasoma nini, nani anakulipia, unavuta sigara? Asiyekuuliza chochote zaidi ya siku utakayolipa ndiye wa kumwogopa.

Umefaulu kama: umeona barabara hadi dirisha katika simu moja isiyokatika, na maelezo yake yanalingana na daftari lako.

## Hatua ya 5: Mtu mlangoni

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Video inaweza kupigwa na mtu aliyekodi nyumba ile kwa siku mbili tu. Kwa hiyo lazima awepo mtu aende, aingie, na akupigie akiwa ndani.

Wa kumpata wapi? Andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako na uombe kuunganishwa na Mtanzania au Mwafrika Mashariki anayesoma hapo. Uliza waalimu wako wa zamani, uliza msikitini na kanisani, uliza waliomaliza shule yako. Mtwara na Lindi si kubwa. Ukiuliza kwa siku tatu mfululizo, utampata mtu ambaye mtoto wa shangazi yake yuko mji huo au mji wa jirani. Nauli ya treni umlipe wewe.

Mpe kazi ndogo na iliyo wazi: aone chumba, aone jina kwenye kengele au kisanduku cha barua, aongee na jirani mmoja, amwombe mwenye nyumba kitambulisho na alinganishe jina na la mkataba. Basi.

Onyo: huyo mtu asishike hela yako. Si kwamba ni mwizi. Kazi ya macho na kazi ya mkoba zikiwa kwa mtu mmoja, huna tena wa kukuthibitishia. Na akitokea Mtanzania usiyemjua, anayejitolea ghafla kwenye kundi la WhatsApp kukutafutia chumba kwa "hela ya usumbufu", mpime kwa hatua hizihizi. Kiswahili chake si dhamana.

Umefaulu kama: umepigiwa simu na mtu unayeweza kumfikia nyumbani kwao, akiwa ndani ya chumba, na mwenye nyumba amesimama pembeni.

## Hatua ya 6: Mkataba, na mazoea yetu yanayotuponza

Hapa nitakaa kidogo. Kwetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hudai hela hata ya kukuonyesha tu. Tumeshazoea. Ndiyo maana tapeli akisema "lipa miezi sita, na ada ya kuonyeshwa juu yake", kijana wa hapa hashtuki. Mwenzake wa Ulaya angeshtuka, kwa sababu anajua sheria zifuatazo.

Ujerumani. Amana haizidi kodi ya miezi mitatu, ile kodi tupu isiyojumuisha gharama za kupasha nyumba joto na nyinginezo. Una haki ya kuilipa kwa awamu tatu, na ya kwanza inadaiwa upangaji unapoanza. Tangu Juni 2015, aliyemwajiri dalali wa nyumba ya kupanga ndiye anayemlipa. Mwenye nyumba akimtuma dalali, ada si yako.

Tena Ujerumani ukihamia unatakiwa kujiandikisha serikali ya mji ndani ya wiki mbili. Huitwa Anmeldung, na mwenye nyumba lazima akupe karatasi ya kuthibitisha kuwa unaishi kwake. Muulize mapema: "Nitaweza kujiandikisha hapa?" Akisema hapana, achana na chumba hicho hata kama kipo kweli, maana bila usajili huo kibali cha ukaazi na mambo ya benki vitakusumbua.

Uholanzi. Kwa mikataba ya kuanzia Julai 2023, amana haizidi miezi miwili ya kodi tupu. Huko nako kujiandikisha manispaa ni lazima, kwa hiyo swali ni lilelile.

England. Sheria ya mwaka 2019 inasema amana isizidi kodi ya wiki tano (kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000), na hela ya kushikilia chumba isizidi ya wiki moja. Ada ya kuonyeshwa chumba ni marufuku. Amana ikishapokelewa inatakiwa iwekwe ndani ya siku 30 kwenye mfuko mmoja kati ya mitatu iliyoidhinishwa: Deposit Protection Service, MyDeposits au Tenancy Deposit Scheme. Muulize ataiweka upi. Unaweza pia kulipa ada ndogo kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, na kuona jina la mmiliki wa nyumba katika daftari la ardhi. Scotland kuna rejesta ya wenye nyumba unayoweza kuipekua bure.

Mkataba wenyewe uusome kwa jicho la majina. Jina la mkataba, la kitambulisho na la akaunti ya benki viwe kitu kimoja. "Tuma kwa akaunti ya wakili wangu" au "ya mke wangu" ni sababu ya kusimama.

## Hatua ya 7: Pasipoti yako ni mali

Wapo wanaoibiwa jina badala ya hela. Tapeli hukusanya pasipoti za wanafunzi, kisha anaitumia ya kwako kumdanganya mwenzako: "Huyu ni mimi, ona kitambulisho changu." Ndiyo maana kutumiwa pasipoti si ushahidi wa chochote.

Usitume kabla ya video. Ukituma, andika juu ya picha kwa herufi zinazokatiza katikati: "Kwa kupanga chumba tu", anwani ya nyumba, na tarehe, kwa lugha anayoisoma. Funika mistari miwili ya herufi na alama iliyoko chini ya ukurasa. Taarifa za benki, namba ya siri na tarakimu zinazoingia kwa ujumbe mfupi hazihusiki na kupanga chumba hata kidogo.

## Hatua ya 8: Namna ya kulipa

Kwenye simu tumezoea jambo moja zuri: kabla hujaingiza namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Ukienda benki kutuma nje, jina unaliandika wewe mwenyewe kwenye fomu. Usidhani kuna anayelithibitisha kwa niaba yako.

Nchi nyingi za Ulaya hutumia namba ndefu ya akaunti iitwayo IBAN, na herufi mbili za mwanzo ni za nchi ilikofunguliwa akaunti. Ya Ujerumani huanza na DE na ina tarakimu na herufi 22 jumla. Ya Uholanzi huanza na NL na ina 18. Mwenye nyumba wa Leipzig, Ujerumani, anayekupa akaunti ya nchi nyingine akueleze vizuri kwa nini, na maelezo yake yampitie yule mtu mlangoni.

Njia hizi zikatae bila mjadala:

- Western Union, MoneyGram na nyingine za kuchukua taslimu. Ikishachukuliwa, hairudi.
- Sarafu za mtandaoni na kadi za zawadi.
- "Tutalipana kupitia Airbnb, wao watashika hela hadi uione nyumba." Airbnb, tovuti ya kukodi nyumba za muda, haishiki amana ya nyumba iliyotangazwa kwingine. Linki atakayokutumia ni ya ukurasa wa bandia unaofanana na wa kweli.
- "Mtumie rafiki yako hela kwa jina lake, unionyeshe risiti tu." Risiti hiyo ina namba anazohitaji kuichukulia.

Lipa baada ya mkataba kusainiwa na pande zote mbili, kwa benki, na lipa kidogo iwezekanavyo: awamu ya kwanza ya amana, au hela ya kushikilia. Kodi ya mwezi wa kwanza ilipwe ukishakabidhiwa ufunguo. Mwenye nyumba akigoma kabisa, rudi kwenye hosteli ya wiki mbili. Ndiyo kazi ya ile hela uliyoitenga.

Umefaulu kama: una mkataba uliosainiwa, karatasi ya benki, na ujumbe wa mwenye nyumba unaokiri kiasi na tarehe.

## Ukiwa umeshapigwa

Saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Nenda benki uliyotumia, siku hiyohiyo, uombe kwa maandishi warudishe muamala. Kama hela haijachukuliwa upande wa pili, bado kuna nafasi. Piga picha za skrini za mazungumzo yote kabla hujamzuia, maana anaweza kuyafuta.

Kisha nenda kituo cha polisi upewe RB, uiambatishe kwenye barua ya benki. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kama namba ya Tanzania ilihusika, sambaza ujumbe wake kwenda 15040. Tovuti iliyobeba tangazo nayo iarifu, ili liondolewe kabla hajamnasa mwingine.

Baada ya siku chache anaweza kukutafuta mtu anayejiita wakili au mpelelezi, akiahidi kukurudishia hela kwa ada kidogo. Huyo ni tapeli yuleyule, au amenunua namba yako kwake. Usimjibu.

Mwambie mzazi ukweli usiku huohuo. Yule binti alikaa siku tisa bila kusema, akiisubiri bahasha, na baada ya siku hizo tisa benki haikuwa na la kufanya tena. Halafu iandikie ofisi ya wanafunzi wa kigeni, uwaeleze kilichotokea kwa aya moja na uulize kama wana chumba cha dharura. Nafasi yako ya masomo bado ipo, na tiketi ya ndege haijaisha muda. Yeye walimjibu siku ya tatu: kitanda kwenye chumba cha wageni cha bweni, wiki nne, kwa bei ya bweni.